Kuwapeleka wanafunzi kisiwani kusoma reptilia na uhifadhi: mwongozo hatua kwa hatua

Walimu wengi wakipanga safari ya kisiwani wanaanza na boti, chakula na idadi ya viti, alafu siku yenyewe wanafunzi wanashuka, wanapiga picha na kobe mmoja mkubwa, wanakula, wanarudi. Hapo hawajapata kitu ambacho wasingekiona kwenye simu. Kisiwa kina somo lake ambalo bara hulipati kirahisi, kwamba kiumbe akishapotea pale hakuna wa kuja kuziba pengo lake, na mara nyingi aliyemmaliza alishuka kwenye chombo kama hicho hicho mlichopanda nyie. Ukilishika hilo mapema utaona kila hatua inajipanga yenyewe, kuanzia maswali ya darasani mpaka kung'uta viatu kabla ya kupanda boti.

Mwongozo huu nimemlenga mwalimu wa sekondari au mlezi wa klabu ya mazingira, ila wa chuo pia anaweza kuutumia, aongeze tu uzito wa data.

Hatua ya 1: Anza na swali, tarehe itafuata

Chagua swali moja ambalo linajibika kwa macho na daftari ndani ya siku moja au mbili. Mfano: mijusi ni wengi karibu na gati au ndani ya msitu? Mijusi wa mchana wanaota jua saa ngapi, na wanakaa juu ya nini, jiwe, gogo au ukuta? Ufukwe wenye taa na ufukwe wenye giza, wapi kuna nyayo nyingi za kasa? Maswali kama "reptilia wana umuhimu gani kwa binadamu" yaache kabisa kwenye safari, hayo mtoto atayajibu kwa kunakili kitabu hata kama hajatoka kitandani.

Alafu kuna swali la pili ambalo kila kikundi kinabeba bila kujali swali lao la kwanza ni lipi: nani kati ya viumbe tunaowaona hapa aliletwa na watu? Panya, paka, mbuzi, nguruwe, kunguru, siafu wa kigeni, hata mimea. Waandike wote. Mwisho wa safari orodha hiyo ndio itawashtua kuliko kitu kingine.

Hatua ya 2: Darasani, wape visa vya kweli kabla hawajaondoka

Hapa usiwe na haraka, tenga vipindi viwili au vitatu kama unaweza, maana mtoto asiyejua anachokitafuta atapita pembeni ya mjusi adimu akitafuta kobe wa kupanda mgongoni.

Anza na wanyama hawa walifikaje kisiwani. Mwaka 2004 mwezi wa Desemba kobe mkubwa wa Aldabra alitoka baharini akitembea, pale Kimbiji pwani ya Tanzania, miguu imejaa vile viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba vinavyoganda kwenye magogo na matumbo ya boti, dalili kwamba alikuwa majini kwa wiki nyingi. Aldabra iko Shelisheli, ni zaidi ya kilomita 700 kutoka pale. Hakuogelea kwa kupenda, alichukuliwa na mkondo akaelea. Na mwaka 1995 baada ya vimbunga kupita Karibiani, iguana wa kijani zaidi ya kumi walitua kisiwa cha Anguilla wakiwa juu ya magogo na miti iliyong'olewa, kisiwa ambacho hawakuwepo kabla. Ukishawasimulia hivyo waulize wenyewe: kwa nini kobe na mjusi wanafika na tembo hafiki, na kwa nini chura naye anashindwa? Waache wabishane. Majibu yatakuja tu, kwamba ngozi ya magamba haipotezi maji ovyo, kwamba mwili usiojitengenezea joto hauhitaji kula kila siku, kwamba chura na mayai yake ngozi laini haiwezi chumvi. Na kwamba jike mmoja mwenye mayai tumboni anatosha kuanzisha ukoo, tena kwa joka la Komodo, yule mjusi mkubwa kabisa wa Indonesia, ilishaonekana kwenye bustani za wanyama za Uingereza, ikaripotiwa 2006, jike anataga mayai yanaanguliwa bila dume kabisa.

Ukimaliza hapo nenda kwenye namna wanavyobadilika wakishakaa. Galápagos, kundi la visiwa vya Ekuado kwenye Pasifiki, kuna visiwa ambavyo kobe wake wana gamba la mviringo na vingine gamba limenyanyuka mbele kama tandiko, hawa wa tandiko wanaishi visiwa vikavu ambako shingo inabidi inyooke juu kufikia majani na mipungate. Hapo hapo kuna iguana wa baharini, mjusi pekee duniani anayetegemea chakula cha baharini, anazama anakula mwani alafu anarudi juani kujipasha na kupiga chafya ya chumvi. Mwaka wa El Niño, bahari ikipata joto kupita kawaida na mwani ukipungua, mwili wake unapungua hata urefu. Kwa upande mwingine Madagaska, kwenye kisiwa kidogo cha Nosy Hara, kuna kinyonga aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2012 ambaye kutoka pua mpaka mkia hafiki sentimita 3. Joka la Komodo la mita 3 na kinyonga wa sentimita 3, wote ni wa visiwani.

Sasa ndio uje kwenye kupotea, na hapa usilainishe. Visiwa vya Maskarene, yaani Mauritius na majirani zake, vilikuwa na kobe wakubwa wa aina kadhaa, mabaharia wakawapakia melini kama nyama hai maana kobe anakaa miezi bila kula, mpaka kufikia miaka ya 1800 mwanzoni walikuwa karibu wamekwisha wote. Kisiwa cha Pinta huko Galápagos, wavuvi waliacha mbuzi 3 mwaka 1959, wakazaana mpaka makumi ya maelfu wakakitafuna kisiwa chote. Kobe wa mwisho wa Pinta alipatikana 1971, akakaa miaka 40 hivi akitafutiwa mwenza, akafa Juni 2012 na ukoo wake ukaishia hapo. Kisiwa cha Christmas cha Australia kiliwapoteza karibu mijusi wake wote wa asili ndani ya kizazi kimoja cha binadamu. Mwaka 2014 alikufa guruguru wa msituni wa mwisho kabisa aliyekuwa kwenye uangalizi, na aina nyingine mbili zipo leo kwa sababu tu watu waliwahi kuwakusanya na kuwazalisha, porini pale hawapo tena. Mmoja wa wanaoshukiwa sana ni nyoka kutoka Asia aliyeingia miaka ya 1980.

Hilo la nyoka likazie, maana wanafunzi wanapenda kuona reptilia ni mhanga siku zote. Kisiwa cha Guam huko Pasifiki, baada ya Vita Kuu ya Pili nyoka wa kahawia wa mitini aliingia amejificha kwenye shehena ya jeshi, na kati ya aina 12 za ndege wa asili wa msituni akafuta 10, na mijusi akala pia. Mpaka leo mizigo inayotoka Guam inanuswa na mbwa, na wanadondosha kutoka angani panya waliokufa wamewekwa dawa ya kutuliza maumivu, hii hii paracetamol, maana nyoka yule inamuua. Kwa hiyo mnyama yule yule anaweza kuwa wa kulindwa kwao na wa kuondolewa kwa wenzake.

Ila usiwapeleke safarini na huzuni peke yake, tafadhali sana. Mtoto akisikia vifo tu anaona hakuna la kufanya. Waambie kisiwa cha Antigua huko Karibiani mwaka 1995 walihesabu nyoka wa aina moja wakakuta wamebaki kama 50, wote kwenye kijisiwa kimoja, kwingine waliliwa na nguchiro walioletwa na wakulima wa miwa, na panya pia. Wakaondoa panya, wakawapeleka nyoka kwenye vijisiwa vingine vilivyosafishwa, wakawaelimisha watu wasiwaue, na sasa wamepita 1,000. Waambie kisiwa cha Española huko Galápagos, kobe 14 tu walibaki, majike 12 na madume 2, wakaongezewa dume aliyekuwa bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, wakazalisha mpaka kisiwani wakarudishwa kama 2,000, na yule dume mwenyewe akarudishwa kwao Juni 2020. Kile kijisiwa cha Round karibu na Mauritius waliondoa mbuzi 1979 na sungura 1986, mimea ikapumua, mijusi na chatu wa pale wakaongezeka. Chatu wa aina nyingine wa hapo hapo lakini hakusubiri, mara ya mwisho kuonekana ni 1975. Tofauti ya hao wawili ni miaka michache tu ya kuchelewa, na mimi sioni mfano mzuri kuliko huo wa kumwelewesha mwanafunzi kwa nini uhifadhi una saa yake.

Kama wanataka namba ya dunia nzima, tathmini iliyotoka 2022 iliangalia aina zaidi ya 10,000 za reptilia ikakuta kama asilimia 21 wako kwenye hatari ya kutoweka.

Hatua ya 3: Kibali, na watu wenye kisiwa

Wasiliana na wanaosimamia kisiwa mapema, miezi sio siku. Uliza mambo manne: idadi ya juu ya wageni kwa wakati mmoja, sehemu na miezi iliyofungwa kwa ajili ya kutaga, kama kuhesabu na kupima kunahitaji kibali tofauti na kutembelea, na kama kuna data wao wanaihitaji ambayo wanafunzi wanaweza kuikusanya. Hili la nne wengi hawaulizi na ndilo lenye faida kubwa, maana mhifadhi akisema "sisi hatujui mijusi wa upande wa kusini wana hali gani", hapo hapo safari yenu imekuwa kazi.

Kama kuna wanaoishi pale, ombeni mzee mmoja au mvuvi azungumze na wanafunzi. Wavuvi wanajua kasa wanapandia wapi na mwezi gani, na wanakumbuka kisiwa kilivyokuwa. Wanafunzi waje na maswali yaliyoandikwa, wasikilize, wasije kumfundisha mtu uhifadhi nyumbani kwake.

Hatua ya 4: Safisheni mizigo kana kwamba kisiwa kinaumwa

Hatua hii ndio watu wanairuka, na kwangu mimi ndio moyo wa safari nzima. Panya jike mmoja mwenye mimba anatosha kuharibu kijisiwa. Sisimizi wachache na malkia wao wanatosha. Mbegu iliyonasa kwenye soksi inatosha. New Zealand watu wanaokwenda visiwa vilivyosafishwa panya wanafungulia mizigo yao kwenye chumba maalumu kilichozibwa, kila begi linakaguliwa, kwa hiyo usione kama unawasumbua watoto.

Jioni kabla ya safari, au asubuhi ile ile, tafuteni chumba kinachofungika vizuri, mtandike shuka jeupe au turubai la rangi ya mwanga sakafuni. Kila mwanafunzi amwage begi lake LOTE juu ya shuka. Akung'ute begi likiwa limegeuzwa nje ndani, apitishe vidole kwenye mishono na mifuko ya pembeni, achambue mbegu kwenye soksi, mikunjo ya suruali na vile vifungo vya kunata (velcro) vya viatu na makoti, asugue soli kwa brashi na maji mpaka udongo wote utoke. Mahema yafunguliwe na kukunjwa upya. Chakula kiingie kwenye ndoo au makontena yenye mfuniko unaobana, maboksi ya karatasi yaacheni nyumbani kabisa kwa sababu mikunjo yake ndio nyumba ya mende, sisimizi, mayai ya mjusi wa ukutani na wakati mwingine mjusi mwenyewe. Matunda yenye mbegu, kama hamna uhakika mabaki mtayafanyia nini, msiyabebe.

Kila kilichopatikana kihesabiwe. Mbegu ngapi, wadudu wangapi, udongo kiasi gani. Hiyo iwe jedwali la kwanza kwenye daftari, hata kabla hamjaona maji ya bahari, na wanafunzi wakiona jumla ya darasa zima hutahitaji kueleza tena panya alifikaje kisiwani.

Nahodha naye muulizeni anakagua vipi chombo chake. Mkipita kisiwa zaidi ya kimoja rudieni usafi kati ya kimoja na kingine, maana kuhamisha mdudu au ugonjwa kutoka kisiwa jirani ni kosa lile lile. Na wakati wa kurudi begi likaguliwe tena, safari hii mkitafuta vilivyotoka kisiwani. Hakuna gamba, fuvu, yai, jiwe wala mjusi wa kumwonyesha mdogo wangu. Aina zote za kasa wa baharini ziko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa hiyo hata kipande cha gamba ulichookota ufukweni kinaweza kukuletea kesi mpakani.

Hatua ya 5: Vikundi na vifaa

Wanne wanne: wawili waangalie, mmoja wa kushoto mmoja wa kulia, wa tatu aandike, wa nne ashike saa na kipimajoto. Wabadilishane kila mzunguko. Kila vikundi viwili au vitatu viwe na mtu mzima. Beba penseli (wino ukilowa umekwisha), daftari gumu, kamba au tepu ya mita 50, darubini hata moja kwa kikundi, tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu, na vitambulisho vya picha vya aina za pale vilivyochapishwa kwa sababu mtandao kisiwani usiutegemee. Nyavu na fimbo za kukamatia nyoka hazihitajiki, hakuna anayekamata mtu.

Hatua ya 6: Usalama

Jaketi la kuelea kwa kila mtu, sio kwa wasiojua kuogelea tu. Ratiba ya maji kupwa na kujaa mkononi mwa mwalimu. Kofia, maji ya kunywa ya kutosha na kidogo cha akiba, viatu vinavyofunika vidole. Kama kisiwa kina mikoko muulize mwenyeji kuhusu mamba kabla ya kusogea majini.

Kuhusu nyoka, ujue kabla ya kuondoka hospitali ipi ya karibu ina dawa ya sumu na mtafikaje huko. Mtu akiumwa atulizwe, mguu au mkono usichezeshwe, ufungwe kwenye kipande cha mti usipinde, pete na saa zivuliwe kabla ya kuvimba, na safari ya hospitali ianze hapo hapo. Kuchanja kwa wembe, kunyonya, kufunga kamba ya kubana damu, kuweka barafu, kumfukuza nyoka ili mkamwonyeshe daktari, yote hayo yanaongeza madhara. Picha ya mbali kama imepatikana inatosha.

Na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula, hata kama mmegusa tu jiwe ambalo kobe analalia, maana reptilia wengi wanabeba salmonela tumboni bila kuumwa wao.

Hatua ya 7: Kazi yenyewe, kutembea mstari

Chagua sehemu mbili zinazotofautiana kwa jambo moja, mfano msitu uliofungwa na shamba la zamani, au karibu na majengo na mbali na majengo. Kila sehemu weka mstari wa mita 100 kwa kufuata njia iliyopo. Msitoke nje ya njia, visiwa vingi vina mashimo ya ndege wa baharini chini ya mchanga, na reptilia wanayatumia pia, tuatara, reptilia wa New Zealand anayefanana na mjusi, anaishi na ndege shimo moja, ukikanyaga juu shimo linaporomoka na waliomo wanazikwa.

Subirini jua lipate nguvu kidogo asubuhi. Mijusi wa mchana wanatoka kujipasha, wanatulia sehemu wazi, wanaonekana vizuri. Saa sita ya joto kali wengi wanajificha na wanafunzi watakwambia kisiwa hiki hakina kitu. Kuanzia jioni zamu ni ya mijusi wale wa ukutani, na tochi ikiwekwa karibu na jicho lako mwenyewe macho yao yanarudisha mwanga hata kwa mbali.

Tembeeni taratibu sana, mita 100 ichukue nusu saa. Kila mnyama anayeonekana andikeni saa, aina (au "mjusi asiyejulikana", hiyo inakubalika na ni bora kuliko kubahatisha), umbali kutoka mwanzo wa kamba, yuko juu ya nini, urefu gani kutoka chini, jua au kivuli, anafanya nini. Mwanzo na mwisho wa mstari andikeni joto la hewa, mawingu na upepo. Msipoona mnyama hata mmoja andikeni 0, na mwanafunzi asijisikie ameshindwa, kwa sababu sifuri iliyopimwa vizuri inamwambia mhifadhi mengi kuliko picha kumi za mjusi yule yule.

Kuhusu kugusa, jibu ni hapana, na ueleze sababu maana amri tupu vijana wanaizunguka. Mjusi akibanwa anaacha mkia, nao wanacheka kuona unavyorukaruka, kumbe mkia ule ndio akiba yake ya mafuta, ataishi wiki nyingi akiotesha mwingine badala ya kukua au kutaga. Kobe ukimgeuza mgongo chini hatakufa palepale ila juani anaweza. Kumpanda mgongoni ni hapana hata kama mwenye eneo anaruhusu. Jiwe au gogo mkiruhusiwa kuligeuza, linarudi vile vile lilivyokuwa, upande ule ule, taratibu, kuna mtu anaishi chini yake.

Kati ya mistari waambie watafute kazi ambazo reptilia wanazifanya. Mavi ya kobe yana mbegu ndani? Mjusi ameingiza kichwa kwenye ua? Mauritius mijusi wa kijani wa mchana wanachavusha maua, na kwenye kijisiwa cha Aigrettes walileta kobe wa Aldabra wachukue nafasi ya kobe waliotoweka, wakaanza kula matunda ya mpingo wa pale na kutawanya mbegu zake. Ukishaona hilo unaelewa kwamba kobe akiondoka na msitu unaanza kuondoka polepole, hata kama miti bado imesimama.

Hatua ya 8: Usiku wa kasa, kama msimu unaruhusu

Hii fanyeni na mwongozaji wa pale tu, na yeye ndio bosi. Kikundi kidogo, nguo za rangi ya giza, simu mfukoni zimezimwa sio kimya tu. Mkimwona kasa anatoka majini wote mnachuchumaa na kuganda. Akishtuka kabla hajaanza kutaga anageuka anarudi baharini na mayai yake. Akishaanza kutaga anatulia, hapo mwongozaji atawasogeza kwa nyuma yake, mwanga mwekundu hafifu, hakuna mtu mbele ya macho yake. Atataga kama mayai 100 hivi, na vifaranga watatoka baada ya miezi karibu miwili.

Somo la joto lifundishwe hapa hapa mchangani. Kasa hana jinsia mpaka mchanga uamue: kwenye nyuzi 29 hivi wanatoka madume na majike, joto likizidi majike wanazidi. Australia, utafiti wa 2018 kwenye kasa wachanga wanaotoka fukwe za joto za kaskazini ya Tumbawe Kuu (Great Barrier Reef) ulikuta karibu asilimia 99 ni majike. Tuatara ni kinyume, kwake joto linaleta madume. Mchana wake pimeni joto la mchanga juani na kivulini, mbali na viota na kwa ruhusa, alafu waulize ukikata miti ya ufukweni ili kujenga banda la wageni umemfanyia nini kasa ambaye hata hujamwona.

Vifaranga wakitoka msiwabebe kuwapeleka majini. Wanafuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari, na ndio maana taa moja ya nyuma ya ufukwe inawapeleka barabarani. Kazi yenu ni kuzima taa, kufukia mashimo na majumba ya mchanga yaliyochimbwa mchana, na kukaa pembeni.

Hatua ya 9: Picha, na wapi usiziweke

Picha ni data nzuri. Magamba ya upande wa uso wa kasa hayafanani kati ya kasa na kasa, kwa hiyo picha safi ya shavu la kulia na la kushoto inaweza kumtambua yule yule miaka ijayo. Bila flashi.

Ila kabla ya kupakia popote, zimeni taarifa ya mahali kwenye kamera ya simu. Kisiwa cha Rote huko Indonesia kuna kobe wa maji mwenye shingo ndefu aliyetangazwa kisayansi 1994, na wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga walimfuata kwa kasi mpaka porini karibu akaisha. Mtego wa leo ni picha ya mtoto wa shule yenye ramani ndani yake. Kwenye programu za kurekodi viumbe kama iNaturalist, hakikisheni sehemu ya aina iliyo hatarini imefichwa, na picha za kundi ziwekwe mkisharudi, bila kutaja upande wa kisiwa.

Hatua ya 10: Mkirudi, msiache daftari likae kwenye begi

Ndani ya wiki moja, wakati kumbukumbu bado mbichi, kila kikundi kiingize data yake kwenye jedwali moja la darasa. Hesabuni wastani wa mijusi kwa mita 100 kila sehemu, chora grafu ya saa na idadi, linganisheni jua na kivuli. Tofauti ikiwa ndogo semeni ni ndogo. Mwanafunzi aandike pia nini kingeweza kupotosha matokeo, kwa mfano kikundi cha kwanza kilipita kikawatisha mijusi kabla ya kikundi cha pili, au siku ya pili kulikuwa na mawingu.

Alafu chukueni ile orodha ya viumbe walioletwa na watu, muiweke pembeni ya jedwali la mbegu na wadudu waliotoka kwenye mabegi yenu, na kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja: kama ungekuwa msimamizi wa kisiwa hiki na una pesa za kufanya jambo moja tu, ungefanya lipi na kwa nini? Wengine watasema kuondoa panya, wengine kukagua boti, wengine taa za ufukweni. Wabishane kwa ushahidi walioukusanya wenyewe.

Nakala ya jedwali, pamoja na mchoro unaoonyesha mistari ilianzia wapi na kuishia wapi, itumeni kwa wasimamizi wa kisiwa hata kama hawajaomba, na nyingine ibaki shuleni kwenye faili lenye tarehe. Darasa litakalokwenda mwaka unaofuata litembee mistari ile ile, saa zile zile, mwezi ule ule, ndio namba zenu zianze kuwa na maana.